Jinsi Mapezi ya Numbi Yalivyofika Baharini

Kamina, kabla ya treni

Kwa miaka mingi nilijua, kama ninavyojua jina langu la ubatizo, kwamba makayabu ni samaki anayezaliwa bila kichwa.

Msicheke bado. Makayabu mnamjua: yule samaki wa baharini anayetufikia Kamina ndani ya sanduku, mkavu kama ubao, mweupe kwa chumvi, amefunguliwa katikati kama kitabu cha nyimbo. Ni nani kati yenu alishaona kichwa chake? Mama yangu alimpika kwa mawese tangu kabla sijazaliwa, na hakukiona. Papa Kitenge, jirani yetu anayetengeneza baiskeli, ndiye aliyenipa sababu. Alisema chumvi ya baharini ni kali mno: samaki mwenye macho yangemwasha, mwenye mdomo angekufa kwa kiu. Basi Mungu akamwondolea makayabu shida yote ya kichwa. Anakula kwa tumbo, anaona kwa mkia. Katika mtihani wa biolojia wa masomo ya jioni niliyaandika hayo yote, nikaongeza na mchoro, na mwalimu akaweka pembeni *très bien*, vizuri sana. Mwalimu naye alikuwa mtoto wa Kamina.

Sasa ninyi wenzangu wa masomo ya jioni, tangu nirudi mnanisimamisha kila mahali: mlangoni mwa kanisa, kwenye bomba la maji, hata nikiwa chooni mnasubiri nje mkikohoa. Mnauliza ilikuwaje. Haya, naandika mara moja kwa wote, muache choo changu.

Safari haikuwa yangu, ilikuwa ya mdogo wangu Numbi. Mnakumbuka alivyokwenda kusoma mambo ya samaki Dar es Salaam, akawa binti wa kwanza wa Kamina kuogelea chini ya bahari akiwa amevaa miwani. Mwaka ule vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza alikuwa amekuja nyumbani kwa matanga ya baba yetu. Alikuja na nguo chache na chupa mbili za mayonezi, moja ya kifuniko chekundu, moja ya kifuniko cha buluu, na hakumruhusu mtu kuzigusa. Matanga yakaisha, akaazima baiskeli kwa Papa Kitenge, breki zikakataa kwenye mteremko, akavunjika mguu.

Aliniita Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, akiwa amelala, mguu mweupe wa plasta juu ya mito yote ya nyumba.

“Yaya Banza, minyi siwezi kupanda treni. Weye njo utaenda.”

“Kwenda wapi?”

“Dar es Salaam.”

“Na hii vita?”

“Vita iko kaskazini. Weye unaenda kusini.”

Ndivyo alivyo Numbi. Akishakueleza jambo, unaona aibu kuliogopa.

Akanionyesha chupa. Ndani mlikuwa na pombe kali ya maabara, safi kama maji, na ndani ya pombe vifuko vidogo vya kitambaa alivyovishona mwenyewe, kila kimoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Ndani ya kila kifuko, kipande cha pezi la samaki, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kule kwenye matumbawe, yale mawe ya baharini ambayo Numbi anaapa si mawe bali ni vinyama vilivyojenga nyumba juu ya nyumba, kuna samaki mdogo mwekundu mwenye mstari wa manjano shavuni. Wakubwa wote wa elimu hiyo wanasema ni samaki wa aina moja. Numbi alizamia mara nyingi, akaona wale wa maji ya juu hawachanganyiki na wale wa chini gizani. Ukiwaweka mezani huwatofautishi: hesabu miiba, hesabu magamba, ni sawa kabisa. Lakini kila kipande cha nyama kimebeba urithi wa mababu wa samaki huyo, ile ADN tuliyoandikiwa ubaoni bila kuelewa, na siku hizi kuna mashine ya kuusoma. Chupa nyekundu ilikuwa ya samaki wa juu, ya buluu samaki wa chini.

“Kama ni mbili,” akasema, “basi ile ya chini haina jina. Hakuna muntu duniani alishaipatia jina.”

“Na samaki wazima wako wapi?”

“Biko ku chuo, ndani ya formoli. Formoli inatunza mwili, lakini inaharibu ADN. Hivi vipande njo vyenye kubakia, Yaya. Na profesa mwenye mashine ni mgeni, mwezi ukiisha anaenda kwao. Vikioza, nitaanza upya. Na bourse, ile pesa ya masomo, haitaanza upya na minyi.”

Nikauliza swali moja tu la kitaalamu. “Kichwa si lazima? Wanaweza kumjua samaki bila kichwa?”

“Kichwa ya nini? Kipande ya pezi inatosha.”

Nilifurahi. Moyoni nilisema: makayabu. Sayansi imefika alipokuwa Papa Kitenge zamani.

“Kitu kimoja tu,” Numbi akanishika mkono. “Usiache pombe itoke. Pombe njo inazuia kuoza.”

Kamina mpaka Bukama

Sitawachosha na habari za vibali na mihuri. Aliyewahi kupanga foleni hiyo anajua, na asiyewahi asinitoneshe kidonda.

Treni iliondoka na watu ndani, watu juu, watu kwenye ngazi, na mbuzi mmoja aliyepata nafasi nzuri kuliko mimi. Ilikwenda polepole hivi kwamba kuku wa jirani yangu aliruka dirishani, akataga yai majanini, akaturudia kabla behewa la mwisho halijapita. Anayebisha amuulize kuku.

Jirani huyo alikuwa Mama Kyungu, mfanyabiashara wa samaki wa Kinkondja, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameuza samaki wake wa moshi Kamina na sasa anarudi na vikapu vitupu vinavyonuka mali. Upande wa pili aliketi Papa Ramazani, mzee mwembamba wa asili ya Maniema, kofia yake safi kama ametoka kuinunua, miguu yake juu ya magunia ya chumvi na sabuni. Hao wawili walibishana tangu Kamina, juu ya bei, juu ya dini, juu ya mbuzi ni wa nani. Tulikula pamoja: mimi nilikuwa na bukari, ugali wetu, iliyofungwa katika majani, Mama Kyungu akatoa samaki, Papa Ramazani akatoa pilipili na maoni.

“Weye, kijana, ju ya nini unakumbatia hizo chupa sawa mutoto?” Mama Kyungu aliniuliza.

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, kama mnavyonijua, na mikono. Nilipomaliza behewa lote lilikuwa limegeukia chupa.

“Kwa hiyo,” akasema Mama Kyungu, “weye unapeleka samaki kwenye bahari.”

“Ndiyo, Mama.”

“Minyi nilifikiri ni minyi njo mwenye kufanya biashara mubaya.”

Bukama, mahali tulipokaa

Bukama injini yetu ilichukuliwa. Kulikuwa na mabehewa ya askari yanayokwenda kaskazini, na vita havingoji abiria. Wakaifungua, ikaondoka ikipiga honi kama inatuaga, na sisi tukabaki tumeketi ndani ya treni isiyo na kichwa. Nilitaja mfano huo kwa sauti lakini hakuna aliyeufurahia kama mimi.

Tukakaa. Tulikaa mpaka wanawake wakatandaza mikeka kati ya reli na kuanza kupika, mpaka kinyozi akafungua kazi chini ya behewa. Mto Lualaba ulikuwa karibu, mitumbwi ikileta samaki na kurudi na watu. Ndipo wakaja askari waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kwenda mbele, wakakagua mizigo. Kiongozi wao alikuwa sajini mrefu, mpole wa sauti, mwenye meno mazuri.

“Papa, ndani ya chupa muko nini?”

“Samaki, chef.”

Akafungua ile ya kifuniko chekundu. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

“Hii samaki yako inanukia muzuri.”

“Ni dawa ya maabara, chef. Ya sayansi.”

“Sayansi gani?”

Hapo ningesema kwa ufupi labda mambo yangekwenda vingine. Lakini mimi nilianza na matumbawe, nikashuka mpaka samaki wa chini, nikafika kwenye ADN, na kadiri nilivyoeleza ndivyo askari wengine walivyosogea. Waliamini kabisa kwamba ni pombe ya thamani, maana, walisema, hakuna mtu anayeweza kusema maneno marefu namna hiyo kwa ajili ya maji.

Walifanya kazi kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Walichuja kwa kitambaa cha shingoni, wakamimina kwenye kikombe cha bati, wakaongeza maji ya mto. Wa kwanza alikunywa, akajipangusa midomo, halafu akaimba. Sajini mwenyewe alikamua vifuko kimoja kimoja kwa vidole viwili, kama mtu anayekamua limao la mgonjwa, akavirudisha kila kimoja kwenye chupa yake, vya nyekundu kwenye nyekundu, vya buluu kwenye buluu.

“Shiye hapana bevi, Professeur, hatuibi mali ya muntu,” aliniambia. “Samaki yako njo hii, yote. Hesabu.”

Sasa ninacheka. Siku ile sikucheka. Jua la Bukama lilikuwa juu ya bati la behewa, chupa mikononi zilikuwa na vitambaa vyenye unyevu, na ndani ya vitambaa, miaka yote ya mdogo wangu. Samaki mbichi Bukama anaanza kunuka kabla mwenye kumnunua hajamaliza kulalamika bei. Na hawa hawakuwa hata samaki, walikuwa kucha.

Behewa likawa bunge.

“Moshi,” alisema Mama Kyungu. “Leta hapa, niko na moto. Shiye Kinkondja, samaki ikitoka majini inaenda kwenye moshi. Kesho zitakuwa zimekauka, utazipeleka hata Yerusalemu.”

“Hapana moshi,” Papa Ramazani akasema. Yeye, Mwislamu ambaye hajawahi kuonja, ndiye aliyependekeza lutuku, ile pombe inayopikwa nyuma ya nyumba. “Walikunywa pombe, rudisha pombe. Akili gani inataka zaidi?”

“Papa, lutuku ni nusu maji!”

“Weye unaijuaje, Mama?”

“Bwana yangu alikuwa na mdomo ya pombe.”

Nilisimama katikati yao nikafikiri kama sijawahi kufikiri katika masomo yote ya jioni. Moshi ni moto, na moto unageuza nyama kuwa kitu kingine. Lutuku ni maji. Ndipo akili yangu ikarudi kwa makayabu. Huyo anatoka baharini, anapita nchi sijui ngapi, anakaa dukani kwetu mwaka mzima na haozi, kwa sababu gani? Kwa sababu ya chumvi. Na kwa nini chumvi inamfaa? Kwa sababu amezaliwa ndani yake! Samaki wa baharini ukimfukia katika chumvi, nyama yake inafikiri iko nyumbani, haioni sababu ya kuoza. Nilitangaza uamuzi wangu, nikaacha lile jambo la kichwa, maana halikuwa swali la wakati huo.

“Chumvi,” nilisema. “Papa Ramazani, fungua gunia.”

Mzee akaweka mkono juu ya gunia. Siku zile za vita chumvi ilikuwa inafichwa kama dhahabu. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, macho yakasimama kwenye koti langu, lile la kijivu nililovaa siku ya diplomu yetu, mnalolijua.

“Hilo koti,” akasema, “litanikaa mimi vizuri.”

Alilivaa hapo hapo. Lilimfika magotini, akasema ndivyo anavyopenda. Nami nikapata chumvi ya mawe ya kutosha kumfanya hata kiboko wa Ziwa Kisale awe makayabu. Mama Kyungu aliitwanga kwa mwiko wa chuma huku akinung'unika kwamba moshi ungekuwa bora. Tukajaza chupa, tabaka la chumvi, tabaka la vifuko, na chumvi ilipolowa tuliimwaga na kuweka nyingine, mpaka ikabaki kavu.

Askari waliondoka kabla yetu, juu ya mabehewa ya wazi, wakiimba. Yule sajini aliniona, akasimama kwa mguu mmoja ukingoni.

“Professeur! Ukirudi, ulete ingine!”

“Nitaleta, chef!”

Nilimpungia mkono mpaka treni yao ikawa moshi tu.

Mama Kyungu akashuka na vikapu vyake kutafuta mtumbwi wa kwenda Kinkondja. Aliondoka akinigeukia mara mbili. “Ikinuka, usiseme Mama Kyungu hakukuambia moshi!”

Lubumbashi, mpaka, na ulimi wa mtu wa forodha

Tulipata injini nyingine, mgonjwa wa kifua, ikatuvuta mpaka Lubumbashi. Kila ilipopumzika nilifungua chupa nikanusa. Abiria wote wakawa wananusa pamoja nami, kama baraza la madaktari. Hazikunuka kitu ila chumvi. Papa Ramazani alianza kusema kwa watu wapya wanaopanda kwamba dawa hiyo aliivumbua yeye.

Kutoka Lubumbashi nilipanda lori la makaa lililokwenda tupu kuvuka mpaka, nikafika kwa mtu wa forodha wa Zambia nikiwa mweusi mara mbili. Alizungumza Kibemba. Mimi nikajibu kwa Kiluba, maneno mengine yakakutana katikati. Akazitazama chupa zilizojaa mawe meupe yaliyosagwa, akanitazama mimi, akaita mwenzake. Mwenzake akaita mkubwa wao. Nikaona naanza kufanana na mhalifu wa kimataifa, na nikiri, sehemu ndogo ya moyo wangu ilijivuna.

Mkubwa alilamba kidole, akakichovya katika chupa ya buluu, akaonja. Akakunja uso.

“Salt,” akawaambia wenzake, kwa huzuni ya mtu aliyetarajia makubwa.

Nilitembea haraka. Askari walikunywa, forodha wakaonja. Kama safari ingekuwa ndefu zaidi, mdogo wangu angeliwa mzima.

Treni ya pili

Treni ya kwenda Dar, niliyoipanda huko huko Zambia, inajua kukimbia. Siku ya kwanza nilidhani ni hitilafu. Tulipita misitu, na mwanzoni mwa milima ya Mbeya akapanda mwalimu mmoja wa kike, Mama Tumaini, aliyeketi mbele yangu na mkungu wa ndizi. Nilimwomba kwa heshima zote.

“Mama, minyi niko na njala. Weye uko na kidogo ya kuniuzisha?”

Aliweka mkono mdomoni. “Baba, Kiswahili hicho umekitoa wapi?”

“Kamina, Mama. Ni Kiswahili kilichopita masomo ya jioni.”

“Nilihisi kimetembea gizani,” akasema, akanipa ndizi, akakataa malipo. Kisha akanifundisha njia nzima, hata tulipopita twiga waliotutazama kwa dharau. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kule niendako ADN wanaiita vinasaba. Nililipenda neno hilo. Unaweza kulitamka mbele ya askari wasione kiu.

Karibu na Dar treni ilisimama tena, reli ikitengenezwa, na mwezi ulikuwa unaisha. Hapo ucheshi wangu uliisha pia. Nilikaa nimeshika chupa nikimfikiria Numbi na mito yake. Mama Tumaini alisogea karibu. Alimenya ndizi, akanishikisha.

Baharini

Nilifika chuoni nikiwa bila koti, na makaa shingoni, nikauliza mtu wa Numbi. Alitoka Daktari Zuhura, mwalimu wake, mwanamke mfupi wa Pwani, ushungi wa kijani, koti jeupe.

“Wewe ndiye kaka yake? Karibu, pole na safari. Profesa anaondoka kesho kutwa. Zipo?”

Nikaweka chupa mezani. Akaziangalia. Nikaona uso wake ukianguka.

“Pombe iko wapi?”

“Ilikunywewa, Daktari.”

“Na nani?”

“Na jeshi.”

Alikaa chini. Kisha akafungua kifuko kimoja kwa kibano. Kipande cha pezi kilitoka kikavu, kigumu, chembe za chumvi juu yake. Akakigeuza kwenye mwanga. Ndipo akaita watu.

Walivifanyia kazi mchana kutwa. Wanasuuza, wanayeyusha, wanaingiza katika mashine ndogo kama sanduku la viatu, ambayo kazi yake ni kuchukua chembe ya urithi na kuirudufu mara maelfu mpaka iweze kuonekana. Mimi nilipelekwa nje nisizungumze na watu wanaofanya kazi. Nikaenda kuiona bahari. Niliionja: chumvi kweli, lakini mtu anafungua macho humo bila shida, nalo hilo nililiweka akilini. Halafu nikaenda soko la samaki, nikamwuliza muuzaji kama ana samaki asiye na kichwa.

“Nikukatie?” akasema, kisu tayari.

“Hapana. Asiye nacho kabisa.”

“Bwana, nikikata hatakuwa nacho kabisa.”

Nilimhurumia. Kuishi kando ya bahari na kujua machache namna hiyo!

Kesho yake Daktari Zuhura aliniita kwenye chumba chenye mapazia meusi. Profesa mgeni, mzee mwenye ndevu, alisimama juu ya kipande kama cha jeli. Wakawasha taa ya zambarau, na ndani ya jeli ikaonekana mistari, mmoja mmoja, iking'aa rangi ya chungwa kama makaa yanayopulizwa. Vipande vichache havikutoa mstari. Vingine vyote viliwaka, vya nyekundu na vya buluu.

“Hivyo ni vinasaba vya samaki wa Numbi,” Daktari akasema. “Vimefika.”

Wenzangu, nililia. Siku hiyo sikuongeza kitu. Nililia tu.

Jibu lenyewe, mmoja au wawili, lilihitaji mashine kubwa ya kwao Profesa, herufi kwa herufi. Angeondoka na vipande na kutuletea habari. Lakini Daktari alitaka kujua wazo la chumvi lilitoka wapi.

“Chumvi inavuta maji yote, na pasipo maji hakuna kuoza,” alisema. “Ulijuaje?”

“Kwa makayabu, Daktari.”

“Makayabu ndiye nani?”

Hawamjui! Nikamweleza: samaki wa baharini asiye na kichwa, mkaazi wa chumvi. Daktari alinitazama kwa makini kwa muda. Ni mtu ambaye kazi yake yote ni samaki ambao wengine walisema hawapo, kwa hiyo hana haraka ya kucheka.

“Ukimpata,” akasema, “niletee pezi.”

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, chupa zikiwa nyepesi. Ila Bukama. Nilikuwa nimenunua Lubumbashi kichupa cha pombe nzuri, kwa sababu niliahidi. Nilishuka stesheni nikamtafuta sajini mrefu mwenye meno mazuri. Askari waliokuwepo walikuwa wengine, vijana, hawakujua nasema nini. Mmoja alisema wale wa kwanza walikwenda mbele na hakuna aliyerudi kupitia hapa, labda walirudi kupitia kwingine. Nilisema ndiyo, labda kwingine. Kichupa bado kiko kwangu, sijakifungua. Anayekuja kunitembelea asikiulize.

Foni

Mwisho mnaujua, maana nusu yenu mlikuwepo, lakini mnausimulia vibaya.

Ilikuwa siku ya foni pale misheni, ile redio ya kuzungumza na Lubumbashi ambayo kila stesheni ya eneo inasikia kila neno. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao watu waliokimbia kutoka kaskazini wakitafuta habari za ndugu. Numbi alikuwa na magongo yake. Mimi nilikuwa na kipande cha makayabu ndani ya gazeti, na mkia. Sikuwa nimemwambia. Nilitaka siku iwe kamili.

Papa Umba wa foni alizungusha vitufe, na sauti ikatoka katika mikwaruzo, ikimaliza kila mara kwa *à vous*, yaani zamu yenu.

“Kamina, Kamina, hapa Lubumbashi. Niko na ujumbe ya Mademoiselle Numbi, inatoka Dar es Salaam. *À vous.*”

“Sema, Lubumbashi, tunasikia. *À vous.*”

“Banasema hivi. Samaki ya juu na samaki ya chini, haiko moja. Ni mbili. Urithi yao iko mbali-mbali kabisa. Ile ya chini haina jina. Banangojea Mademoiselle apone akuje aipatie jina. *À vous.*”

Numbi aliacha magongo yakaanguka, akanishika shingo, uzito wake wote juu yangu. Watu wa foleni walianza kupiga makofi. Mama mmoja wa Manono, aliyekuwa amekaa sakafuni na vitu vyake vyote ndani ya shuka, akauliza, “Nani amezaliwa?”

“Samaki, Mama,” nikamjibu.

“Mungu asifiwe,” akasema, na akapiga makofi naye.

Hapo nikaona saa imefika. Nikachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Papa Umba, nikafungua gazeti watu wote waone.

“Lubumbashi, hapa Kamina, ni Banza anasema, mwenye kupeleka chupa. Andika. Waambie Dar es Salaam kuna samaki ya tatu. Chumvi iliokoa mapezi kwa sababu samaki ya bahari iko nyumbani ndani ya chumvi, na ushahidi ni makayabu, anayezaliwa bila kichwa na haozi. Ninatuma mkia. *À vous.*”

Redio ilikwaruza. Numbi alikuwa ameniachia shingo na kunitazama, mdomo wazi. Halafu ikaingia sauti nyingine, sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa.

“Kamina, hapa Kinkondja. Ni weye, Professeur ya chupa, wa treni ya Bukama? *À vous.*”

“Njo minyi, Mama Kyungu! *À vous!*”

“Makayabu iko na kichwa. Banaikata kabla ya kuitia chumvi. *À vous.*”